Huzuni ya Msiba na Uchungu wa Kudhulumiwa

Katika zahanati yoyote ya Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju, mganga anamfahamu mgonjwa wa namna hii. Ni mama wa miaka arobaini na kitu. Anasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usiku hapati usingizi, na chakula hakipiti. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa damu, ipo ya kutosha. Presha imepanda. Anapewa dawa, anaondoka. Baada ya wiki mbili amerudi na maneno yale yale. Safari ya tatu, akimkuta muuguzi mwenye subira na foleni ikiwa fupi, ndipo jambo linapotoka: mume alifariki mwaka jana, na tangu arobaini ipite shemeji zake wanasema nyumba ni ya ukoo na yeye arudi kwao.

Ndugu msomaji, mama huyu si mtu mmoja. Tumewaunganisha wengi katika mmoja ili tueleze jambo ambalo mara nyingi linapita hospitali bila kuandikwa kwenye kadi. Mama huyu amepigwa mara mbili. Pigo la kwanza ni kufiwa, na hilo kila binadamu litampata. Pigo la pili ni kuonewa, na hilo limetoka mikononi mwa watu. Mapigo haya mawili huingia mwilini kwa njia zinazofanana, lakini hayatibiwi kwa namna moja.

MWILI WENYE MSIBA

Tuanze na pigo la kwanza. Mtu anapopata habari ya kifo cha ghafla, mwili wake hupokea habari ile kama vile simba amesimama mlangoni. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Tezi hizo humwaga katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo huongeza mwendo, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia, na tumbo husimamisha kazi yake. Ndiyo sababu mfiwa akiwekewa wali mbele yake huuona kama mchanga. Hadeki. Tumbo lake kwa kweli limefungwa kwa muda.

Mpango huu wa mwili unafaa kwa dakika chache za kumkimbia simba. Haukutengenezwa kwa ajili ya miezi sita. Homoni hizo zikiendelea kuwa juu, usingizi huharibika, kinga ya mwili hupungua, vidonda vya tumbo huamka, na mwenye kisukari au presha hushindwa kuidhibiti hata kama anameza dawa zake.

Wataalamu wameyapima mambo haya. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza walitoa taarifa juu ya wagane 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi sita ya kwanza baada ya kufiwa na wake zao, vifo miongoni mwao vilizidi kwa asilimia 40 vile vya wanaume wa umri wao waliokuwa bado na wake. Vingi katika vifo hivyo vilikuwa vya moyo. Mwaka 2012 watafiti wa Boston, Marekani, walieleza kwamba hatari ya kupata shambulio la moyo katika siku ya kwanza baada ya kufiwa na mtu wa karibu ilikuwa takriban mara 21 ya hatari ya siku za kawaida. Kwa kijana mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo sana, hata ikizidishwa. Kwa mzee mwenye presha ya miaka kumi si ndogo hata kidogo.

Tena kuna ugonjwa ambao madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990. Mgonjwa, mara nyingi mama aliyekwisha kukoma hedhi, hupata maumivu ya kifua na kushindwa kupumua baada ya mshtuko mkubwa, kama vile kifo. Vipimo huonyesha sehemu ya chini ya moyo imevimba kama puto na haisukumi damu vizuri, ingawa mishipa ya moyo haikuziba. Wajapani waliuita takotsubo, jina la chungu wanachotumia kutegea pweza, kwa sababu moyo huo katika picha hufanana na chungu hicho. Wengi wao hupona baada ya wiki chache. Basi mfiwa anayeshika kifua akilia asiambiwe tu ajikaze. Apelekwe hospitali.

Kuna jambo moja la matanga ambalo tungependa lisemwe zaidi. Siku za msiba watu hulala kwenye mikeka, hunywa chai yenye sukari nyingi asubuhi na jioni, hula pilau la mafuta usiku wa manane, na dawa zao wameziacha nyumbani. Mzee mwenye kisukari ametoka Kimara kwenda msibani Chamazi akidhani atarudi jioni, akakaa siku nne. Mwenye kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ameacha kuzimeza kwa kuwa hakupata pa kujificha katikati ya mkeka wa watu kumi. Dawa hizo hutolewa bure katika mpango wa taifa ulioanza mwaka 2004, lakini kuzipata bure si sawa na kupata faragha ya kuzimeza. Ukisikia msiba, kabla ya kuchukua khanga, chukua dawa zako za wiki nzima. Na ndugu mmoja wa ukoo apewe kazi ya kuuliza wazee, kwa sauti ya chini: "Bibi, umeshameza?"

HUZUNI HAINA KALENDA

Mila zetu za msiba zina hekima kubwa kwa afya. Mfiwa haachwi peke yake. Hapiki, hachoti maji, hahangaiki na wageni. Majirani huleta turubai na viti, na daftari la michango hupitishwa. Mwili uliojaa homoni za hofu hutulizwa na kuwapo kwa watu hata wasiposema neno la maana. Jirani anayekaa kimya pembeni ya mfiwa anamsaidia kuliko mtoa hotuba.

Shida ni kwamba siku hizi mjini turubai linafungwa mapema. Gharama ni kubwa, kazini mtu amepewa ruhusa ya siku tatu, na wengine wamesafirisha mwili kwenda Moshi, Songea au Bukoba na kurudi na basi la usiku. Huzuni ndiyo kwanza inaanza. Mfiwa hushangaa kuona wiki ya sita ni ngumu kuliko wiki ya kwanza, akadhani ana wazimu au amerogwa. Si wazimu. Wiki ya kwanza mwili ulikuwa umekufa ganzi. Kusikia sauti ya marehemu, kumwona katika ndoto, kutenga sahani yake mezani kwa kusahau, kuwakasirikia watu bila sababu, hata kumkasirikia marehemu mwenyewe, yote haya huwapata watu wenye akili timamu.

Je, ni lini huzuni huwa ugonjwa? Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, inautambua ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu. Hutajwa pale ambapo angalau miezi sita imepita, hamu ya marehemu bado inamtawala mtu kila siku, hawezi kazi wala kutunza watoto, na hali yake imezidi ile ambayo jamii yake yenyewe ingeitegemea. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Mjane anayelia siku ya kumbukumbu ya mwaka si mgonjwa. Lakini anayesema anataka kufa, au anayegawa vitu vyake kwa watu, au ambaye haogi wala hali, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali za rufaa za Temeke na Mwananyamala zina huduma ya afya ya akili, na Muhimbili pia. Kwenda huko si aibu, wala hakumfanyi mtu aitwe chizi.

Watoto nao wanafiwa. Mara nyingi huambiwa baba amesafiri, kisha wanaona kaburi kwenye picha za simu ya shangazi. Mtoto anayedanganywa hujitafutia maelezo mwenyewe, na mara nyingi maelezo anayoyapata ni kwamba yeye ndiye aliyekosea. Aambiwe ukweli kwa maneno mepesi: baba amekufa, hatarudi, si kosa lako, na mimi nipo.

PIGO LA PILI

Sasa tumrudie mama yetu wa presha. Angekuwa na msiba peke yake, yaelekea mwili wake ungeanza kutulia kadiri miezi inavyopita. Hautulii kwa sababu kila asubuhi kuna ujumbe mpya wa shemeji kwenye simu.

Mwaka 2003 watafiti wawili nchini Marekani, Sarah Brosnan na Frans de Waal, walichapisha jaribio lao juu ya nyani wadogo wa Amerika ya Kusini. Nyani wawili waliwekwa jirani. Kila mmoja akitoa kijiwe alipewa kipande cha tango, nao walikula wakaridhika. Baadaye mmoja akaanza kupewa zabibu kwa kazi ile ile, huku mwenzake akiendelea kupewa tango. Yule wa tango akakataa. Mara nyingine alilitupa nje. Angalia vizuri jambo hili: tango halikubadilika. Dakika chache kabla lilikuwa chakula kitamu. Kilichobadilika ni kwamba jirani alipata zabibu. Kama mnyama asiye na katiba wala mahakama analiona hilo, tusimshangae binadamu anayekosa usingizi kwa kuonewa, na tusimwambie kwamba ana tamaa.

Watafiti wengine waliwafuatilia wafanyakazi wa serikali jijini London kwa miaka kadhaa, wakawauliza iwapo wakubwa wao wa kazi huwatendea haki: je, husikilizwa, je, hulaumiwa bila sababu. Taarifa ilitoka mwaka 2005. Wanaume waliosema wanatendewa haki walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo, pungufu kwa takriban theluthi moja, kuliko waliosema hawatendewi, hata baada ya kuzingatia sigara, presha na mambo mengine. Kwa hiyo dhuluma si jambo la moyoni kwa maana ya mashairi tu. Ni jambo la moyo ule unaosukuma damu.

Katika mirathi dhuluma hii ina sura nyingi, na nyingine zimevaa nguo za sheria. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za mila za makabila ya upande wa baba, lilisema mjane hana sehemu yake katika urithi, bali atatunzwa na watoto wake. Na mabinti waliwekwa daraja la mwisho la warithi. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliofukuzwa nyumbani baada ya waume zao kufa, walifikisha shauri lao hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 Kamati iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka Tanzania irekebishe sheria hizo.

Lakini mjane wa Dar es Salaam asiambiwe kwamba sheria ya mila ndiyo mwisho wa maneno. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na dini aliyoifuata. Kwa Mwislamu aliyeishi kwa sheria ya dini yake, mjane hupata moja ya nane kama kuna watoto, na robo kama hakuna. Kwa Mkristo ambaye maisha yake yalionyesha kuacha taratibu za mila, mahakama yaweza kutumia sheria ya urithi ya mwaka 1865 iliyotoka India, ambayo humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Na kitu ambacho mama alikinunua kwa fedha zake na kwa jina lake, kiwe cherehani au kiwanja, si mirathi ya mume hata kidogo.

Neno linalowachanganya wengi ni msimamizi wa mirathi. Shemeji akiteuliwa kuwa msimamizi, hurudi nyumbani akitembea kama mwenye mali. Msimamizi si mrithi wala si mmiliki kwa sababu tu ameteuliwa. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, na kupeleka hesabu mahakamani katika muda aliopewa. Asipofanya hivyo, mrithi yeyote anaweza kuiomba mahakama imwondoe. Tena mjane mwenyewe anaweza kuomba kuwa msimamizi. Hakuna sheria inayosema lazima awe mwanamume, ingawa vikao vingi vya ukoo huendeshwa kana kwamba ipo.

Walioachika nao wana msiba wao, usio na turubai. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu hiyo imewasaidia wanawake wengi tangu hapo. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao: mahakama iliona mume alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara naye akazitumia ovyo. Alifungua mlango, wengine wakapita.

LAWAMA KWA MAMA

Kuna upotevu mwingine ambao dhuluma yake haihusu nyumba wala shamba. Mimba inapoharibika, swali la kwanza huulizwa kwa mwanamke: ulibeba nini, ulikula nini, ulikwenda wapi. Ukweli ni kwamba takriban mimba 15 kati ya 100 zinazojulikana huharibika, na katika miezi mitatu ya kwanza sababu kubwa ni kasoro katika vinasaba vya kile kiumbe, iliyotokea pale mbegu ya baba na yai la mama vilipoungana. Ndoo ya maji haikuiharibu. Kugombana na wifi hakukuiharibu. Mimba zikiharibika mara mbili au tatu mfululizo, wote wawili, mume na mke, wapimwe. Na mama aliyejifungua mtoto mfu aruhusiwe kumwona na kumpa jina akitaka. Kumficha mtoto haraka "ili asiumie" kumewaumiza wengi kwa miaka.

Selimundu ni mfano mwingine. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Mtoto anapolia viungo usiku na kuongezewa damu mara kwa mara, ukoo wa baba huanza kusema mwanamke ameleta ugonjwa. Haiwezekani akauleta peke yake. Ili mtoto apate selimundu kamili, lazima apokee kinasaba kimoja chenye kasoro kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili huwa wazima, hawajui kwamba wamebeba. Katika kila mimba yao kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa mgonjwa, na nafasi hiyo hairekebishwi na mtoto aliyetangulia. Aweza kuzaliwa mgonjwa akifuatana na mgonjwa. Maumbile hapa yamegawa sawasawa kabisa, nusu kwa nusu. Ni sisi tuliogawa lawama upande mmoja. Baba anayekimbia nyumba kwa sababu hii, akaoa kwingine bila kupima, amekibeba kinasaba chake na kwenda nacho.

NYUMBA, FIDIA NA JIRANI

Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha katika kambi ya jeshi Mbagala yalilipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba yakaharibika. Wazee wa Kizuiani bado wanasimulia jinsi watoto walivyokimbia hadi wakapotea. Februari 2011 yakatokea mengine Gongo la Mboto. Baada ya Mbagala ilifuata fidia, na baada ya fidia yakafuata malalamiko yaliyodumu miaka: huyu kalipwa, yule hakuandikwa, huyu kapata cha nyumba, yule cha kioo. Mwaka 2017, kando ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara zilibomolewa bila fidia, na miongoni mwa waliobomolewa walikuwamo watu walioishi hapo miaka mingi.

Hatuandiki haya ili kuhukumu kesi. Tunaandika kwa sababu ya presha. Wataalamu wa nafsi, akiwamo Daniel Kahneman aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, walionyesha kwamba kupoteza kitu huuma takriban mara mbili ya furaha ya kukipata. Anayekadiria fidia huhesabu thamani ya tofali. Aliyebomolewa anahesabu tofali, mwembe alioupanda, jirani wa kuazimana chumvi, na miaka aliyobana matumizi. Hesabu hizo mbili hazilingani daima, hata kama mthamini ni mwaminifu. Akiwa si mwaminifu, tango na zabibu vinakuwa mezani pamoja.

Kinachosaidia, hata pale fedha zinapokuwa ndogo, ni utaratibu ulio wazi: watu wasikilizwe kabla ya uamuzi, orodha ibandikwe hadharani, sababu za kila kiwango zielezwe, na pawepo pa kukata rufaa. Yule wa London aliulizwa kama anasikilizwa, hakuulizwa mshahara tu. Mjumbe wa serikali ya mtaa anayesoma makala haya ajue kwamba daftari lake ni kifaa cha afya.

WAPI PA KWENDA

Mwaka 2021 Mahakama ilifungua Temeke Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia mashauri ya mirathi na ndoa. Mahakama za ngazi mbalimbali, kuanzia ya Mwanzo, zimewekwa chini ya paa moja pamoja na huduma nyingine, ili mjane asizungushwe mji mzima na bahasha ya nakala. Msaada wa sheria usio na malipo hutolewa na vyama kama TAWLA, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko katika kata.

Karatasi za kutafuta mapema ni cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hati au karatasi ya mauziano ya kiwanja. Sehemu nyingi za Mbagala, Yombo na Goba viwanja vilinunuliwa kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mjumbe, na karatasi hiyo hulala chini ya godoro la baba pekee. Enyi mlio hai, wekeni majina yote mawili, na mama ajue ilipo. Andikeni wosia mbele ya mashahidi wasio warithi. RITA hutunza wosia, kwa hiyo hauhitaji kukaa kwenye sanduku la chuma ambalo ndilo la kwanza kubebwa siku ya msiba. Kuandika wosia hakumwiti mtu kaburini. Wengi wameuandika wakaishi miaka thelathini.

Kwa wahudumu wa afya tuna ombi dogo. Mgonjwa akirudi mara ya pili na kichwa kile kile, ulizeni maswali mawili kabla ya kubadili dawa: je, umepoteza nini karibuni, na je, kuna mtu anayekusumbua kwa sababu hiyo? Huchukua dakika mbili. Jibu likiwa ndiyo, andikeni kwenye kadi, na mkabidhini kwa ofisa ustawi wa jamii.

Na wewe mama mwenye shauri mahakamani, endelea na dawa ya presha. Usiiache kwa kuwa umeona kichwa kimepoa, wala usiiache kwa kuwa nauli ya kliniki umeilipia nakala za hukumu. Shauri la mirathi laweza kwenda miezi na kuahirishwa mara nyingi. Siku ya kutajwa shauri, meza dawa asubuhi, kula uji kabla ya kutoka, chukua maji, na usiende peke yako. Shoga mmoja au mwanajumuiya akae nawe kwenye benchi hata kama haruhusiwi kusema kitu ndani.